Sabini kwa Sabini

Kidatu, mkoani Morogoro, kuna reli mbili zinazokutana bila kuungana. Moja inashuka kutoka Kilosa, tawi la Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam. Upana wake, kati ya chuma na chuma, ni mita moja kamili. Nyingine ni TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upana wa hiyo ni futi tatu na inchi sita, yaani milimita 1,067, kwa kuwa ilibidi ilingane na reli za Zambia, nazo za Zambia zilijengwa kwa kipimo kilichotoka Afrika Kusini enzi za Waingereza. Tofauti kati ya mita moja na futi tatu na inchi sita ni milimita 67, upana ambao haujazi hata kiganja cha mtu mzima. Kwa ajili ya milimita hizo behewa la reli moja haliwezi kuendelea kwenye reli ya pili. Mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule.

Nimekulia upande huo, kwenye bonde la Kilombero, milima ya Udzungwa ikiwa nyuma ya nyumba yetu. Baba yangu kwa miaka kadhaa alipata riziki yake katika kushusha na kupakia huko Kidatu, kwa hiyo sehemu ya unga tuliokula ilitokana na Mjerumani kupenda mita na Mwingereza kupenda futi. Mama alikuwa mkulima wa mpunga, na shamba letu lilipokuwa halina kazi alikwenda kupalilia mashamba ya watu kwa malipo. Mimi nikaja kuwa mpima ardhi. Nimeishi na vipimo viwili tangu utotoni, nikavisoma darasani, na hadi leo navitumia vyote kila siku ya kazi. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho.

Wengi huamini kwamba futi ni kipimo cha wazee na mita ni kipimo cha kisasa kilichokuja baadaye kuiondoa. Kwa Tanganyika mambo yalikwenda kinyume. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuifanya mita kuwa kipimo cha lazima nchini mwake tangu mwaka 1872, na ilipoitawala Tanganyika ilikuja nayo: reli kwa mita, mashamba ya mkonge kwa hekta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza, na ramani zikaanza kuandikwa kwa futi na ekari. Baada ya uhuru serikali ikarudi kwenye mita na kilo. Kwenye kazi yangu nimeshika ramani za nyakati zote hizo, na wakati mwingine eneo lile lile limepimwa mara tatu, kwa hekta, kwa ekari, halafu kwa hekta tena, mawe ya mipaka yakiwa pale pale.

Na kabla ya hao wote palikuwa na vipimo vyetu: shibiri, dhiraa, pima, ngwe ya kulima, kibaba na pishi kwa nafaka, frasila kwa mizigo. Wazee wa Unguja na Pemba bado wanaweza kukuambia bei ya karafuu kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba Mswahili anaweza kubeba vipimo viwili kichwani ajue kwamba tumezoea kubeba zaidi ya hivyo.

Tazama duka la vifaa vya ujenzi popote Tanzania. Msumari ni wa inchi nne lakini unauzwa kwa kilo. Mbao ni mbili kwa nne, kwa inchi, na urefu wake futi kumi na mbili. Nondo ni ya milimita 12. Bomba la maji ni la nusu inchi au robo tatu, nalo litapeleka maji kwenye tanki la lita elfu moja. Tofali ni la inchi tano au sita, lakini kigae cha sakafuni ni sentimita 40 kwa 40. Bati lina geji, na geji ina mambo yake: kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 30, na mjenzi mgeni asiyejua hilo atadhani amepewa bora kwa bei nafuu. Ukitoka dukani ukasimama kwenye gari, soma ubavu wa tairi: 195/65 R15. Ile 195 ni upana kwa milimita, ile 15 ni rimu kwa inchi. Vipimo viwili kwenye mstari mmoja wa herufi, na gari linakwenda Mwanza na kurudi.

Mafundi wetu wanaishi na haya yote bila kuchanganyikiwa, na mimi ninawaheshimu kwa hilo. Tepu anayoichomoa fundi kiunoni ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, naye anasoma upande unaomfaa. Seremala anapenda inchi kwa sababu zinagawanyika vizuri: nusu, robo, nusu ya robo, na futi yenye inchi kumi na mbili unaigawa kwa mbili, tatu, nne na sita bila kubaki kitu. Fundi wa vigae anapenda sentimita kwa sababu kigae kimekuja nazo kutoka kiwandani. Sioni sababu ya kumkataza yeyote kati yao. Tangu mwaka 1959 inchi yenyewe imefungwa kwa mita: ni milimita 25.4 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Vipimo hivi viwili vilikwisha kupatana zamani.

Taabu huanza namba inapotamkwa peke yake. Kaka yangu alipojenga nyumba, mwashi aliacha nafasi za madirisha akisema ni za futi tano. Fundi wa alumini aliposikia futi tano aliandika mita moja na nusu, kama wanavyofanya wengi. Futi tano ni milimita 1,524, na mita moja na nusu ni 1,500. Fremu zilipoletwa kila moja ilikuwa na mwanya wa milimita 24, na mianya ikazibwa kwa udongo wa saruji. Mvua ya kwanza ya masika maji yalipita hapo hapo. Mwashi alisema yeye alijenga futi tano. Fundi wa alumini alisema yeye alikuta kila mtu anahesabu futi tano kuwa mita moja na nusu. Wote wawili walisema kweli, na kaka akalipa. Mambo kama hayo yapo pia darini: ubao wa jipsamu wa futi nne kwa nane huwa ni milimita 1,220 kwa 2,440, na fundi aliyepanga fremu zake kila sentimita 60 atakuta milimita zinamzidi ubao hadi ubao. Hasara ya namna hii ni ndogo, ya fedha na ya siku chache. Naitaja kisha naiacha.

Jambo linaloniuma ni ekari.

Kwetu mtu hasemi ekari, anasema heka. Na ukiuliza heka ni nini, kuanzia Kilombero hadi Mbarali hadi Kahama utapewa jibu moja: ni sabini kwa sabini. Sabini za nini? Hapo majibu yanatofautiana. Wazee husema hatua. Vijana husema mita. Wengine hawajawahi kuulizwa, wanaona sabini inatosha yenyewe.

Hesabu inaonyesha sabini hii ilikotoka. Ekari ya Waingereza ni yadi za mraba 4,840. Tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unakaribia hapo: ni sabini, maana sabini mara sabini ni 4,900. Yadi moja ni futi tatu, karibu na hatua ndefu ya mtu mzima, kwa hiyo mtu asiye na kifaa chochote aliweza kukata shamba la ekari kwa miguu yake akakosea kidogo tu. Ilikuwa kanuni nzuri. Kisha mita zikaenea, shuleni, dukani na kwenye kamba za kupimia, na sabini ikabaki pale pale huku yadi ikibadilishwa kuwa mita. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Namba ilihama kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, na mtu akishika kamba ya mita sabini anaamini kwa moyo safi kwamba ameshika ekari.

Lakini mita moja ni ndefu kuliko yadi kwa sentimita 8 na nusu hivi. Ekari ni mita za mraba 4,047. Mita sabini kwa sabini ni mita za mraba 4,900. Zimezidi 853, karibu sehemu moja katika kila tano. Hizo 853 ni viwanja viwili vya mita 20 kwa 20 na bado kipande kinabaki.

Nilikuwa mwanafunzi Chuo cha Ardhi Morogoro nilipolijua hili kwa uhakika, na likizo iliyofuata nikaenda nyumbani na tepu ya mita 50 ya kuazima. Mama alikuwa akipalilia mpunga kwenye shamba la mtu, yeye na kina mama wengine, wakilipwa kwa heka. Kazi hiyo inafanywa umeinama, miguu ndani ya matope, jua mgongoni, na magugu ya mpunga yanafanana na mpunga hata mgeni hawezi kuyatofautisha. Msimamizi alikuwa amewakatia vipande kwa kamba. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa ya kupima.

“Pima tu, kijana,” akasema. “Heka ni sabini kwa sabini. Hilo halina mjadala.”

Nikapima. Ilikuwa sabini kwa sabini, mita, kila upande. Kamba yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikamweleza kwamba ekari inayoandikwa kwenye hati za ardhi haifiki hapo, ukitaka mraba unakwenda mita 63 na sentimita 62 tu kila upande. Alinisikiliza, na namshukuru kwa hilo, maana wengine wangenifukuza. Alisema hiyo kamba aliikuta, na aliyemwachia kazi aliikuta pia.

Jioni nikamweleza mama. Nilimchorea chini kwa kijiti, mraba mmoja ndani ya mwingine. Alikaa akiutazama ule ukanda wa pembeni kwa muda.

“Kwa hiyo kila tukipalilia heka tano,” akasema, “ya sita tunampa bure.”

Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, na hesabu aliipata papo hapo. Mwili wake ulikuwa umeijua kabla yangu. Kwa miaka alikuwa akituambia kwamba heka za shamba lile hazimaliziki. Sisi tulidhani ni uchovu.

Kina mama walikwenda kuzungumza na msimamizi. Kamba haikufupishwa. Malipo yaliongezwa kidogo, na kwenye mashamba mengine ya jirani hayakuongezwa kabisa. Lakini tangu msimu ule mama hakukubaliana bei na mtu yeyote bila kuuliza kwanza kamba ina mita ngapi. Palipokuwa hakuna jibu alitembea mwenyewe kingo zote mbili ndipo akataja bei yake.

Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa, na nimeona ile sabini ikimwumiza karibu kila mtu kwa zamu. Mkulima anayekodi trekta kwa heka ananufaika nayo siku ya kulima, maana analimiwa eneo kubwa kwa bei ya dogo, kisha inamgeukia siku ya mbolea: mfuko uliokusudiwa ekari anautawanya kwenye eneo lililozidi kwa sehemu moja ya tano, na mpunga unatoka wa manjano. Anavuna magunia 20 akasema heka yangu imenipa 20, wakati kwa ekari ya kweli amepata 16 na nusu. Akijilinganisha na jirani aliyepimiwa vizuri, hesabu zote zinampotosha. Na katika kuuza ardhi, hatua zikitumika, nimeona muuzaji akitembea kwa hatua fupi na mnunuzi akirudia kwa hatua ndefu, wote wakihesabu kwa sauti mpaka sabini, na kila mmoja akiamini ameibiwa.

Juu ya hapo ipo hekta. Hekta ni mita 100 kwa 100, sawa na ekari mbili na nusu kasoro kidogo. Taarifa za serikali na lebo za viuatilifu hutumia hekta. Masikioni mwa mkulima hekta na heka zinakaribiana mno, hasa zikisemwa haraka kwenye mkutano wa hadhara chini ya mwembe. Mtaalamu akisema tani nne kwa hekta, msikilizaji aliyepata tani moja na nusu kwenye heka yake iliyo ekari kamili hurudi nyumbani akijiona mkulima duni, kumbe wako karibu sawa. Hilo ni la kuvunja moyo tu. Kwenye dawa ya magugu ni la hatari: kipimo cha hekta kikimwagwa kwenye heka ya ekari moja, ardhi inapata karibu mara mbili na nusu ya inachopaswa kupata, na maji ya majaruba yanashuka mtoni ambako watu wanachota. Ninawaomba maofisa ugani wa wilayani, kila mara, waitaje ekari na hekta kwa pamoja na waonyeshe ukubwa wake kwa kamba palepale shambani. Wanaofanya hivyo wanasikilizwa.

Mijini hali haina nafuu. Dalali wa Dar es Salaam anakuuzia kiwanja “ishirini kwa ishirini.” Kama ni mita, ni mita za mraba 400. Kama ni hatua, na hatua ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 75, ni mita za mraba 225, zaidi kidogo ya nusu. Bei inatajwa ile ile. Ndugu zetu wa Kenya wana “hamsini kwa mia,” kwa futi, ambayo huitwa thumni ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na thumni ya ekari ni 5,445. Kenya angalau kila mtu anajua ni futi, na kwa hilo wanatuzidi. Mnunuzi anaweza kuhesabu kinachopungua kabla hajatoa fedha. Kwetu mnunuzi hujua baada ya kumwita mpima, akiwa amekwisha kulipa. Nimekuwa huyo mpima. Nimesimama na kifaa changu mbele ya watu walioweka akiba za miaka, nikawasomea namba ndogo kuliko waliyoambiwa, na hakuna kifaa kinachoweza kuirefusha.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku futi, inchi na ekari, tubaki na mita peke yake. Siungi mkono. Seremala atapoteza kipimo vinachokijua vidole vyake, na msumari wa inchi nne utaendelea kuitwa hivyo hata ukiandikwa milimita 100. Debe nalo lilianza kama kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Galoni zimesahauliwa, kopo lenyewe limegeuka ndoo ya plastiki ya lita 20, na debe bado linapima mahindi sokoni. Sheria haiwezi kuwaamuru watu wasahau. Inachoweza, na mimi naona inapaswa, ni kudai kwamba popote kazi au ardhi inapolipiwa kwa eneo, mita za mraba ziandikwe kando ya jina lolote ambalo watu wanapenda kulitumia. Sheria ya Vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo wapo. Wamehangaika na lumbesa za viazi, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, na mizani ya wachuuzi, kazi njema ambayo wakulima wanaishukuru. Kamba ya kibarua nayo ni kipimo cha biashara. Ikaguliwe kama mizani inavyokaguliwa.

Wakati tunasubiri hilo, wewe unayesoma unaweza kulifanya la kwako. Msimu unakaribia, na pengine utaajiri watu wa kulima, kupanda au kupalilia. Nunua kamba, ipime kwa tepu kwenye uwanja wa wazi, ikate kwenye mita 63 na sentimita 62, uifunge fundo ncha zote mbili. Mraba wa kamba hiyo ni ekari moja. Ukiona ni shida, endelea na sabini yako ya mita, hakuna anayekukataza, lakini mpe aliyepalilia malipo ya ekari moja na sehemu ya tano na kidogo zaidi, ugomvi usiwepo: zidisha bei ya ekari kwa 1.21, na umlipe hiyo.